Vifungo Vitatu Vimekwenda Wapi

4 Machi

Mdogo wangu Bisibisi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, ukiacha uchovu. Mpwa wako mkubwa amepata nafasi ya kusomea upimaji ardhi, na sasa hata sebule anaipima. Shemeji yako anapaka rangi madarasa ya shule, anarudi jioni ana madoa ya kijani mpaka kwenye kope. Mimi niko na cherehani langu na sare za wanafunzi. Kila mzazi anataka ya mwanawe ishonwe kwanza.

Najua simu ingekuwa rahisi, lakini sikio la kushoto limekufa na la kulia husikia likipenda. Acha niandike, dereva wa lori la vifurushi atakuletea kama kawaida.

Nililotaka kusema ni hili. Vile vifungo vyako vya sukari vinakwisha. Wewe unaviita vihisi, lakini mimi fundi nguo, kitu cha duara kinachokaa mkononi kwangu kunipimia sukari ni kifungo. Ulinitumia sita mwezi wa Januari. Cha mwisho kiko mkononi na Jumapili kinamaliza siku zake. Kimoja kilibanduka nikifua. Kingine kilikataa kuwaka. Kingine siku ya sita kiliandika hitilafu, kikafa. Ndivyo ilivyokuwa.

Ukiweza, nitumie vingine, hata viwili. Nikirudi kutoboa vidole kila siku, vidole vyenyewe ndivyo vinavyonilisha.

Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mpwa amepata chuo. Huku kwetu ni kazi juu ya kazi. Wiki hii nimefungua mashine tatu za kupimia presha na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja, mpira uliochanika. Wauguzi wananiita daktari wa mipira.

Sasa hayo ya vihisi. Kila kimoja kinakaa siku kumi na nne. Sita ni siku themanini na nne. Wewe ulianza tarehe 25 Januari na unamaliza tarehe 8 Machi. Hizo ni siku arobaini na mbili. Ni nusu kamili, Dada. Vitu vinavyoharibika ovyo haviharibiki nusu kamili.

Labda nimekosea. Basi fanya hivi, tuone. Osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, ukauke. Pitisha pamba ya spiriti, ukauke tena. Losheni usipake hapo. Kiweke nyuma ya mkono wa juu, penye nyama, pasipogongwa na mlango wala kusuguliwa na kamba ya begi. Juu yake bandika plasta pana tangu siku ya kwanza, usisubiri pembe zianze kunyanyuka. Boksi lisikae dirishani karibu na cherehani, joto linakiua kabla hujakifungua. Kikiandika hitilafu, usikivue. Subiri dakika kumi, usome tena. Na siku ya kwanza usiziamini sana namba zake, bado kinajizoeza na mwili.

Kikifa kabla ya siku yake, usikitupe. Kila kimoja kina namba ya kiwandani na mimi nimezinakili zote.

Nakutumia viwili. Halafu nijibu bila kunizunguka: boksi hilo anashika nani mwingine?

Mdogo wako,
Bisibisi


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Vifungo viwili vimefika salama, asante. Shemeji yako hayupo, ameitwa mji mwingine kupaka rangi nyumba ya wageni, wiki mbili, na simu yake ameondoka nayo. Nyumba imetulia mpaka nasikia sindano ikipita kwenye kitambaa, hata kwa masikio haya.

Nimefuata maelezo yako. Plasta pana imekaa vizuri. Nina maswali matatu.

La kwanza. Ngozi ikiwa nyembamba, ya mtu mzima sana, plasta ikatoka na ngozi yake, afanyeje? Namuulizia mteja.

La pili. Alfajiri kinasoma chini, 2.9, mara nyingine 2.7. Akishakunywa chai kinapanda. Je, ni kibovu?

La tatu. Nimesikia wapo watu kikifika siku ya kumi na nne wanakidanganya, wanakiwasha upya kama kipya. Wewe ni fundi. Inawezekana?

Kuhusu nani anashika boksi: nyumba ni yangu, kabati ni langu, ufunguo uko shingoni kwangu. Usinihoji kama askari.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mvua imetunyeshea humu ndani, karakana yetu ina ndoo nne chini ya bati. Mengine salama.

Ngozi nyembamba: asibandue plasta ikiwa kavu. Ailainishe kwa mafuta kidogo pembeni, aivute taratibu akiwa ameshikilia ngozi kwa kidole. Na asirudie mahali palepale. Leo mkono wa kulia, wiki mbili zijazo wa kushoto.

Kusoma chini alfajiri: mara nyingi ni kulalia mkono. Ukikilalia, maji ya chini ya ngozi yanabanwa na kifaa kinadhani sukari imeshuka. Lalia upande wa pili. Ukiona namba hailingani na unavyojisikia, toboa kidole, kidole ndicho kitakachokwambia ukweli.

Kuwasha upya: wapo wanaofanya. Kisomeo, kile kijimashine cha kusomea kihisi, kitakuonyesha namba, lakini namba hizo usizitumie kukadiria sindano ya insulini. Kile kiuzi cha chini ya ngozi kinachoka, mwili unakifunika, kinaanza kubahatisha. Cha kurefusha maisha yake ni kukitunza kisife kabla ya wakati. Siku zake zikiisha, zimeisha.

Sasa na mimi nina maswali. Umeandika "akishakunywa chai." Nani? Wewe ukijisema huandiki "akishakunywa." Na mteja mwenye ngozi nyembamba anahusika vipi na plasta za vihisi?

Nitumie kisomeo. Kinakumbuka siku tisini. Nitakipima hapa kazini na kukirudisha ndani ya wiki. Tumia vidole kwa muda huo. Na nitumie vile vilivyokufa.

Bisibisi


18 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Shemeji yako amerudi na zawadi ya sufuria.

Kisomeo hicho nakutumia, nimekifunga kwenye kitambaa cha shati. Vilivyokufa nilishavitupa, gari la taka limepita.

Kipime kama kinafanya kazi. Usipekue.

Dada


30 Aprili

Dada,

Nimepekua.

Kisomeo ni kizima kuliko mimi. Kinaonyesha kihisi kimoja kuanzia tarehe 25 Januari, siku kumi na nne. Kikafuata cha pili, siku kumi na nne. Cha tatu, siku kumi na nne. Hakuna kilichobanduka ukifua. Hakuna kilichokufa siku ya sita. Vingine vitatu havikuwahi kusomwa na kisomeo hiki hata mara moja. Vimekwenda wapi?

Halafu kuna cha nne, cha tarehe 17 Machi, shemeji alipokuwa hayupo. Hicho kimenikosesha usingizi. Nakufahamu, Dada. Kila nikikutembelea ni mimi ninayekupima asubuhi, na sukari yako alfajiri hupanda. Huyu yake inashuka. Siyo kulalia mkono. Ukilalia mkono inaporomoka ghafla, ukigeuka inarudi. Hii inashuka kama mtu anayeshuka ngazi, kuanzia saa tisa, na inakaa huko chini mpaka saa kumi na mbili. Siku tisa kati ya kumi na nne. Hiyo si damu yako.

Nikaanza kuunganisha. Simu ya shemeji inaweza kusoma vihisi hivi, nilimwekea programu mwenyewe. Machi simu haikuwepo nyumbani, na mtu asiyejulikana akasomwa kwa kisomeo chako. Shemeji anavitoa nje. Ana watu wake huko anakopaka rangi, anawauzia, na wewe unamfunika kwa sababu ni mumeo. Sikumtilia shaka miaka yote hiyo, leo namtilia. Mtu asiyesema sana ana mengi ya kuficha.

Sitatuma kihisi kingine. Kisomeo nimekizuia hapa mpaka unieleze.

Bisibisi


22 Mei

Dada,

Wiki tatu hakuna neno. Nimempigia shemeji, anakata. Dereva wa lori anasema amekuona dukani ukikata kitambaa na kwamba hukumsalimia.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Unapimaje?

Bisibisi


3 Juni

Mdogo wangu,

Napima kwa vidole, kama ulivyotaka.

Barua yako ilifika tarehe tano Mei, mchana. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani, na hasira zikanifanya nishone mkono wa shati kwenye shingo. Niliapa sitakujibu mpaka uzeeke, na mume wangu nikamwambia akate simu zako.

Lakini alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya wote. Yalikuwa ni yale maneno yako: inashuka kama mtu anayeshuka ngazi, na inakaa huko chini. Namba hizo niliziona Machi, nikaingiwa na wasiwasi. Ulipoandika kwamba ni kulalia mkono, nikashusha pumzi. Nilichofanya ni kumwekea mto ubavuni. Basi nikaenda chumba cha nyuma. Nilimkuta ameloa jasho, macho yako wazi, haitiki. Nikamwita mume wangu. Yeye alimgeuza kwa ubavu, mimi nikawa nampaka sukari ndani ya shavu, kidogo kidogo, mpaka akasema, "Mbona mnanilisha kama kifaranga?" Nikakaa chini sakafuni nikalia.

Asubuhi tulimpeleka kliniki na barua yako mkononi. Muuguzi akasoma ile sehemu ya ngazi, akasema dozi yake ya jioni ni kubwa mno kwa mtu anayekula kidogo vile. Wakaipunguza. Ulikuwa unatafuta mwizi, ukamwona mgonjwa.

Sasa nikwambie ni nani. Ukitaka kuichana barua, ichane, lakini ifikishe mwisho kwanza.

Ni Mama. Si aliyetuzaa. Ni yule aliyekuja baada yake.

Tangu baba afariki alikuwa anaishi kwa kaka yake. Desemba kaka yake alimtoa, akasema nyumba imekuwa ndogo. Alikuja kwangu na begi moja na chupa ya insulini iliyofungwa kwenye soksi. Macho yake yamebaki robo. Sindano alikuwa anaivuta kwa kukisia. Ningefanyaje? Uliapa mbele ya kaburi la baba kwamba hata maji hutampa. Kwa hiyo nilivaa kifungo kimoja, yeye kimoja. Changu nilisoma kwa kisomeo, chake kwa simu ya shemeji yako. Shemeji yako ndiye aliyekuwa anamsomea kila asubuhi na kila jioni, na kumwandikia namba kwa herufi kubwa za rangi ukutani ili na yeye azione. Huyo ndiye mwizi wako. Aliposafiri na simu, Mama akatumia kisomeo changu, mimi nikatoboa vidole.

Nilikudanganya kuhusu kufua, na hitilafu, na siku ya sita. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini nakumbuka siku redio ya baba ilipopotea. Nilikuwa mlangoni. Mama akasema ni wewe, baba akachukua mkanda, na jioni hiyohiyo ukaondoka na kaptula moja, una miaka kumi na sita na mtihani wiki ijayo. Hakuna aliyekuuliza vizuri. Sasa mimi nakuuliza: mume wangu ulimuuliza?

Dada yako


18 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sikuichana.

Kisomeo kimo kwenye kifurushi hiki, na vihisi viwili, vyako. Sikupaswa kukizuia. Siku niliyokizuia nilijiona mjanja sana, nilitembea karakana nzima nikipiga mluzi.

Kwa yule mwanamke sina neno. Nina swali tu, na nataka umuulize kama nilivyoliandika: siku ile ya redio, alijua kwamba si mimi? Usimsaidie kujibu. Akinyamaza, niandikie kwamba amenyamaza.

Jambo jingine ni la kiufundi tu. Mtu aliyepunguziwa dozi ya jioni apimwe kwa kidole saa kumi na moja alfajiri, wiki nzima, kihisi kisitegemewe peke yake. Kikisoma chini ya nne apewe kitu kitamu hapohapo, na apimwe tena baada ya dakika kumi na tano. Namba ziandikwe, zipelekwe kliniki. Hayo ningemwambia mtu yeyote.

Kwa shemeji sijui nianzie wapi.

Bisibisi


2 Julai

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika. Asante kwa kisomeo.

Nilimuuliza. Alikuwa amekaa kitandani namkata kucha. Nililisoma swali lako kama ulivyoliandika, neno kwa neno. Alivuta mguu wake mkononi mwangu. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani ndilo jibu, nikaanza kukusanya kucha. Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Redio nilimpa kaka yangu aende akaitengeneze, akakataa kuirudisha. Baba yenu alipoiulizia niliogopa. Nikataja jina la kwanza lililonijia mdomoni. Nilidhani atampiga kidogo, yaishe. Mtoto hakurudi. Kila mwaka nikasema mwakani nitasema. Mwambie nilijua."

Kisha akasema usimtumie kitu kama hutaki, yeye ameshazoea kukisia.

Shemeji yako aliisoma ile barua yako ya Aprili. Siku ya kliniki alisikia sehemu ya ngazi tu, na mimi nimechoka kuficha vitu nyumba hii. Alisoma yote, akaikunja mara nne, akasema, "Kumbe ndivyo ninavyojulikana huko." Tangu siku hiyo hataki simu yake imsomee Mama. Anasema isije ikaonekana anaiba na namba. Kile kifungo cha pili cha Machi nilikuwa nimekihifadhi, sasa nimembandika. Kisomeo kimoja hakiwezi kusoma mikono miwili, kwa hiyo nimempa yeye na mimi niko na vidole.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu tunavyoishi.

Dada yako


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Jumapili nilimpigia shemeji. Mara ya kwanza alikata, ya pili akakata, ya tatu akapokea bila kusema halo. Nilisikia brashi yake ikipita ukutani.

Nikamwambia, "Shemeji, nilikuita mwizi bila kukuuliza. Nilikuwa nimekosea, na hata kama ningekuwa nimepatia, nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe."

Brashi ikaendelea. Nikadhani hakunisikia, nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Imeniuma sana. Nimekaa nyumba moja na dada yako miaka ishirini na mbili."

"Najua."

"Hujui. Lakini haya." Kisha akasema, "Sasa nieleze. Kile kinachoporomoka na kile kinachoshuka kama ngazi, kwenye simu nitavijuaje? Mama yenu juzi alisoma 3.4 na sikutaka kushika simu, nikakaa nje nikajichukia."

Tulizungumza karibu saa nzima. Nilimweleza jinsi ya kuuangalia mchoro wote wa usiku, asiangalie namba moja tu. Nilimwelekeza kengele ya sukari kushuka inawashwa wapi; kumbe muda wote ilikuwa imezimwa, na aliyeizima ni mimi siku nilipomwekea ile programu, nikiona itawasumbua. Nilimwambia na hilo. Alicheka kidogo, nadhani ni kucheka.

Halafu bila kunitaarifu nikasikia hatua, mlango, na sauti yake ikisema, "Shika, ni mtoto wako." Nilitaka kukata. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Alikuwa anapumua. Na mimi nilikuwa napumua. Sauti yake imekuwa ndogo, Dada. Akaniamkua kwa jina la utotoni, sikumjibu. Sijamsamehe, na usimwambie kwamba nimemsamehe. Sikuwa na neno lolote la kumpa katika yale niliyoyabeba miaka yote hii, na yalikuwa mengi.

Nikamuuliza leo asubuhi alisoma ngapi.

Akasema, "Tano nukta nane."

Nikamwambia hiyo ni nzuri.

"Eh?" akasema, "Ni nzuri?"

"Ni nzuri," nikasema. "Ibaki hapohapo."

Simu ikarudi kwa shemeji. Kwenye boksi hili mna vihisi kumi na viwili. Sita kwa kila mkono.

Mdogo wako,
Bisibisi